Filomena na Kurasa za Cyprian

Shirika lilipoanza kupunguza wafanyakazi, Cyprian alikuwa katika kundi la kwanza. Alikuwa fundi wa simu. Tangu ujana wake alipanda nguzo za Dar es Salaam na kuvuta nyaya kutoka Ukonga mpaka Kinondoni, na miaka ya themanini shirika lilimpeleka Ufini kwa kozi ya miezi kadhaa, akarudi na koti zito ambalo hakulivaa tena maishani mwake. Siku aliyopewa barua ya kuachishwa kazi alirudi nyumbani Kipawa mapema kuliko kawaida. Akala, akanawa mikono, kisha akamwambia mkewe, "Mama Feli, kesho usinipigie pasi shati."

Filomena alielewa. Yeye mwenyewe alikuwa ameshapitia huko. Alikuwa mpiga chapa katika kiwanda kimoja cha Barabara ya Pugu, hadi kiwanda kilipouzwa na wenye mali wapya wakaja na watu wao. Tangu hapo alikuwa akikaanga vitumbua asubuhi na kuviuza barazani. Wote wawili walikuwa watu wa Masasi, wamejenga Kipawa chumba baada ya chumba, chini kabisa ya njia ya ndege, na mtoto wao mmoja tu, Felicitas, alikuwa amekwenda Mtwara kusomea uuguzi.

Kabla hawajaondoka kazini, Cyprian na wenzake waliruhusiwa kununua vifaa vikuukuu vya ofisi. Wenzake walichukua mafeni, viti na makabati ya chuma. Yeye alirudi na kompyuta. Ilikuwa imeshazeeka hata kwa wakati ule, mwaka tisini na saba. Sanduku lake lilikuwa limeingia umanjano, na skrini yake ilikuwa nzito kiasi kwamba waliibeba watu wawili. Aliiweka sebuleni karibu na simu. Nyumba yao ilikuwa moja ya nyumba chache za mtaa ule zenye simu, kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa fundi wa simu.

"Hii ndiyo kazi yetu sasa," alimwambia mkewe. "Wewe unajua kupiga chapa, mie najua nyaya. Watu watakuja kuandikiwa barua za kuomba kazi, watakuja kutuma ujumbe kwa ndugu zao Ulaya. Dunia nzima inapita kwenye waya huu huu niliokuwa naufunga kule juu."

Kazi hiyo haikuanza. Kilichoanza ni homa za jioni, kisha kikohozi, kisha mwili wa Cyprian ukaanza kupungua ndani ya nguo. Alizungushwa hospitali hii na ile. Akapewa dawa za kifua, akapata nafuu, akaanguka tena. Ilipofika wakati hawezi kukaa kitini, alimwomba Filomena atandike godoro sebuleni, mahali ambapo angeweza kuiona skrini akiwa amelala.

Hapo ndipo Filomena alipojifunza. Hakuwa na shida ya vidole, maana alikuwa amepiga chapa zaidi ya nusu ya umri wake. Shida ilikuwa ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti, ambayo Cyprian aliiita brauza kama alivyosikia kwa vijana wa mjini. Mashine ilikuwa ya zamani na brauza ilikuwa ya juzi, na vitu hivyo viwili havikuelewana. Kurasa zilifunguka nusu zikakwama. Nyingine hazikufunguka kabisa. Filomena angekaa pale mbele, mgongo kwa mumewe, na kusema, "Imekataa."

"Inasemaje?"

"Inasema haiupati ukurasa."

"Usiiamini haraka. Soma anwani uliyoandika. Haitaki nafasi katikati, haitaki koma mahali pa nukta."

Filomena angesoma, angekuta kweli ameweka koma. Au asikute kosa, na Cyprian angemwambia asikilize simu kama laini ingali hai, aangalie waya wa modemu, kile kisanduku cha kuunganishia kompyuta na simu, nyuma ya meza, maana panya wa Kipawa walikuwa wakipenda sana waya ule. Ukurasa ukichelewa mno, alimfundisha kuiambia brauza isilete picha, ilete maandishi peke yake. Ukija ukurasa wa wiki iliyopita badala ya wa leo, alimweleza kwamba mashine hujiwekea nakala ya kila kinachopita, na kwamba wakati mwingine kwa uvivu humwonyesha mtu nakala badala ya kwenda kuchukua kipya. Basi aiagize upya. Na kila walipoiwasha, kabla ya jambo lolote, ilibidi warekebishe tarehe.

"Kibetri cha ndani kimekufa," alisema Cyprian. "Ukiizima inasahau leo ni lini. Inadhani bado tuko mwaka tisini, kwa hiyo inazikataa kurasa zenye tarehe za sasa."

"Heri yake," Filomena akasema, na Cyprian akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Waliunganisha intaneti Jumapili mchana, baada ya Filomena kutoka misani, na kwa muda mfupi tu. Waliziita kurasa walizozitaka, wakazihifadhi ndani ya mashine, wakakata simu. Wiki nzima iliyofuata Filomena alimsomea mumewe zile zilizohifadhiwa, moja moja, bila haraka. Walikuwa na matokeo ya mpira wa Ulaya. Walikuwa na kurasa za mambo ya kifua, za Kiingereza kigumu, ambazo Filomena alizitafsiri akiwa anasoma. Mistari mingine aliiruka, na Cyprian alijua anairuka, hakusema. Na walikuwa na ule mji wa Ufini aliokuwa amesoma. Watu wa kule walikuwa wameweka kamera juu ya jengo moja la sokoni, nayo ilipiga picha ya uwanja na kuiweka kwenye ukurasa wao. Kila Jumapili picha ilikuwa tofauti kidogo. Theluji, benchi, taa, mtu mmoja anapita na mbwa.

"Pale kwenye kona palikuwa na mama mmoja akiuza samaki," Cyprian alisema siku moja. "Alikuwa ananiongezea samaki mmoja kila nikienda. Nadhani alidhani nina njaa."

"Ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa na baridi. Sikujua kumwambia."

Katika miaka yao yote ya ndoa Filomena hakuwa amewahi kusikia habari ya mama huyo. Mwaka ule wa ugonjwa alisikia habari nyingi za namna hiyo.

Cyprian alifariki Novemba ya mwaka tisini na nane, mvua za vuli zikiwa zimeshaanza. Walimzika hapa hapa Dar, kwa kuwa barabara ya kusini ilikuwa haipitiki na hakuna dereva aliyekubali kubeba jeneza kwenda Masasi. Felicitas alifika siku mbili baada ya maziko kwa sababu hiyo hiyo ya barabara.

Marehemu alikuwa na kaka yake mkubwa, Polikarpo, mfanyabiashara wa Chang'ombe huko Temeke. Polikarpo alikuwa ameanza na mitumba, akaingia kwenye vipuri, na sasa alikuwa anatafuta njia ya kuleta magari yaliyotumika kutoka Japani. Wakati wote wa ugonjwa alifika Kipawa mara moja. Alisimama mlangoni, leso mdomoni, akamtakia mdogo wake afya njema, akaondoka bila kukaa. Lakini arobaini ilipopita, yeye ndiye aliyeitisha kikao cha ukoo, na kikao kikakaa mle mle sebuleni, mahali ambapo godoro lilikuwa limetandikwa.

"Shemeji," alianza Polikarpo, "nyumba hatukunyang'anyi. Sisi si watu wa hivyo. Kaa hapa na mtoto. Lakini vitu vya kiume vya marehemu vina wenyewe."

Vitu vya kiume vilikuwa baiskeli, redio, suti zake mbili, sanduku la vifaa vya ufundi, na kompyuta.

"Kompyuta naitumia mimi," Filomena alisema. "Yeye mwaka mzima alikuwa hawezi hata kuketi mbele yake."

"Simu ilikuwa ya jina lake, nayo itakatwa. Ukishakatiwa simu utaifanyia nini? Utaitandikia vitambaa?"

Baadhi ya watu walicheka kidogo. Filomena akataka kujibu, lakini dada mmoja wa marehemu, aliyekuwa amekaa mkekani na kichwa ameinamisha, akasema bila kumtazama mtu, "Mimi ninachojiuliza ni kimoja tu. Kaka yangu alikuwa mzima miaka yote aliyokuwa kazini. Ameanza kuumwa alipokaa nyumbani kula chakula cha mkewe."

Hakuna aliyemkanya. Polikarpo alitazama dari. Monica, mkewe Polikarpo, alikuwa amekaa karibu na mlango akikunjakunja pindo la khanga. Filomena akaona kwamba kila neno atakalolisema kuanzia hapo litakuwa la mtu anayejitetea, na akanyamaza. Walipoanza kuibeba kompyuta, aliona waya wa modemu ukiburuta sakafuni. Akainuka, akauzungusha vizuri, akaufunga kwa uzi wa cherehani ili usikatike njiani. Hata yeye alishangaa kwa nini amefanya hivyo.

Mwaka mpya ukaingia. Simu ikakatwa. Filomena akaendelea na vitumbua. Pasaka ilikuwa imeshapita pale Monica alipokuja Kipawa, siku ya kazi, amebeba mfuko wa mchele na sukari. Alikaa, akauliza hali ya Felicitas, akasifu ua lililofagiliwa, kisha akatoa lililomleta.

"Mama Feli, ile mashine imegoma. Tangu tumeichukua haijafungua ukurasa hata mmoja mpaka mwisho. Bei za magari inazotuonyesha ni za zamani, na sasa hata hizo haionyeshi. Alikuja fundi kutoka Kariakoo, akasema ifutwe yote au itupwe. Mzee anasema wewe ndiye unayeijua."

"Mzee anasema?"

"Ndivyo alivyosema. Anaomba uje."

Monica alipoondoka, Mwanakombo, jirani wa nyumba ya ubavuni, aliingia na beseni lake la maji likiwa bado mkononi. Walikuwa majirani tangu nyumba zote mbili zilipokuwa vibanda vya miti. Mwanakombo ndiye aliyemwosha Filomena uso siku ya msiba. Mzaramo wa asili, hakuwa na tabia ya kuficha analofikiri.

"Nimesikia yote, sina haja ya kujifanya," alisema. "Mie ningekuwa wewe nisingekanyaga. Walikuita mchawi ndani ya nyumba yako mwenyewe, leo wanakuita fundi."

"Siendi kwao. Naenda kuitazama."

"Kutazama nini? Bati lile?"

Filomena hakuwa amemwambia mtu yeyote kuhusu kurasa za Jumapili. Zingeonekana jambo la kitoto, mtu na mume wake mgonjwa wakitazama theluji ya watu.

Alikwenda Jumamosi. Nyumba ya Polikarpo ilikuwa na ukuta, geti la chuma, na gari bovu lililoegeshwa uani likiwa limekaa juu ya matofali. Kompyuta ilikuwa sebuleni kwenye meza ya kioo, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Filomena akatabasamu kidogo kwa ndani alipokiona kile kitambaa, kisha tabasamu likaisha.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Nilikutegemea asubuhi." Polikarpo alivuta kiti, akamwonyesha. "Haya, iangalie. Kuna mtu Yokohama ananisubiri, na mimi hata bei siioni."

Filomena akaiwasha. Sauti ile ya feni ya ndani, yenye mkwaruzo, ilimfanya aweke mikono mapajani na kusubiri kidogo. Kisha akaangalia tarehe, akakuta ni ile ile ya mwaka tisini. Hakuna aliyewaambia kwamba ni ya kuandikwa upya kila mashine inapowashwa.

"Kibetri chake kimekufa," alisema. "Kila mkiiwasha ni lazima muandike tarehe ya leo kwanza. Msipofanya hivyo itawapa bei za zamani na kuzikataa za sasa."

"Fundi hakusema hivyo."

"Basi."

Aliandika tarehe, akaunganisha simu. Modemu ikalia, ikakoroma, ikashika, halafu ikakatika. Akajaribu tena, ikakatika tena. Akauliza kama kuna simu nyingine ndani ya nyumba. Ilikuwepo, chumbani, na binti mmoja wa pale alikuwa akiinyanyua kila mara kuangalia kama laini iko wazi apigie rafiki zake. Monica akaenda kukaa nayo. Mara ya tatu ikashika, ukurasa wa magari ukaanza kushuka, mstari kwa mstari, ukafika katikati ukaganda. Maandishi madogo yakatokea chini.

"Inasema nini?" Polikarpo aliinama juu ya bega lake.

"Imejaa. Haina mahali pa kuweka unachokiita. Kuna kurasa nyingi zimehifadhiwa ndani, lazima zingine ziondoke."

"Za magari usiguse. Zina namba za wenye mali. Toa hayo mengine."

Hayo mengine yalikuwa katika kasha moja ndani ya mashine, na kasha hilo Cyprian alikuwa amelipa jina la JUMAPILI. Filomena akalifungua. Yote yalikuwa mle, kama walivyoyaacha. Mpira. Kifua. Uwanja wa soko, picha baada ya picha, kila moja na tarehe yake.

"Shemeji," alisema, "naomba nije na disketi nizinakili kwanza. Hazitachukua muda. Nitarudi Jumatatu."

"Ni nini hizo?"

"Ni vitu vya Cyprian. Vya kusoma."

Polikarpo akaangalia skrini. Ilikuwa picha ya uwanja mtupu wenye theluji, na taa moja. Aliitazama kwa muda kidogo, na Filomena akafikiri labda atauliza ni wapi.

"Jumatatu Mjapani atakuwa ameshauza," alisema Polikarpo. "Vitu vya marehemu vina kazi gani sasa? Futa, shemeji. Ndicho nilichokuitia."

Baadaye Filomena alimsimulia Mwanakombo kwamba katika dakika ile aliona njia nyingine. Angeweza kufuta brauza yenyewe. Angeweza kufuta kitu kimoja kidogo cha mashine ambacho Cyprian alimwonya asikiguse kamwe, na kompyuta isingeamka tena, na hakuna fundi wa Kariakoo ambaye angejua ni nani. Vidole vyake vilijua mahali penyewe. Kilichomzuia si wema. Kilichomzuia ni kwamba mashine ikifia mikononi mwake, yule dada wa marehemu angepata la kusema kwenye msiba unaofuata. Wangesema alimwua mtu, kisha akaenda kuua na mali yake.

Kulikuwa na njia ya kufuta yote kwa mara moja, lakini ingechukua na kurasa za magari, maana watu wa Polikarpo walizihifadhi mle mle. Ikabidi afute moja moja. Alifungua kila ukurasa kabla ya kuufuta, kana kwamba anahakikisha ni upi, na Polikarpo alivumilia kidogo, kisha akaenda kusimama dirishani. Filomena akaona tena mtu na mbwa. Akaona ule ukurasa wa kifua ambao aliruka mistari, akaisoma mistari aliyoiruka, haikusema kitu ambacho hakikutokea. Akaona benchi lililofunikwa. Picha ya mwisho ilikuwa ya Oktoba, kabla theluji haijaanguka, na kwenye kona ya uwanja palikuwa na kibanda chenye turubai ya bluu. Huenda palikuwa pa kuuzia samaki. Hakuwahi kumwonyesha Cyprian ile picha. Jumapili ile alikuwa amelala, na zilizofuata alikuwa hospitali. Akaifuta nayo.

Kisha akauita ukurasa wa magari upya. Ukaanza kushuka, haukuganda. Gari jeupe likatokea kutoka paa kuja chini, kioo, taa, magurudumu, na bei ya siku ile chini yake. Polikarpo akamwita mkewe, akawaita watu wa uani, wakajaa nyuma ya kiti na kuanza kubishana kama ile rangi ni nyeupe au ya maziwa. Mtu mmoja akamwomba Filomena asogee kidogo. Akainuka, akampisha Polikarpo kiti.

"Kumbe ni kitu kidogo tu," Polikarpo alisema, bila kuondoa macho kwenye skrini.

Monica alimsindikiza mpaka getini. Alikuwa ametengeneza chakula, lakini Filomena alisema ana haraka. Wakasimama pale, Monica akichezea komeo.

"Mama Feli, siku ile ya kikao nilitaka kusema."

"Ulitaka kusema nini?"

Monica alifikiri. "Sijui. Nilitaka tu kusema."

Filomena akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Hakumchukia Monica. Alimhurumia kidogo, na hilo lilimchosha kuliko chuki.

Mwezi ule ule mashine ikagoma tena. Filomena alijua, hata kabla ya kuambiwa, kwamba hakuna aliyeandika tarehe. Safari hii Polikarpo alikuja mwenyewe na pikapu, akasimama nje ya baraza akiwa ameacha injini inanguruma.

"Ingia twende, shemeji, nitakurudisha."

"Andikeni tarehe ya leo kwanza."

"Tumeandika, inakataa."

"Basi muiteni fundi wenu."

"Fundi hajui. Wewe unajua."

"Aliyejua tulimzika Novemba," Filomena alisema. Alikuwa anafuta kikaango, akaendelea kukifuta. "Mimi nilikuwa mkono wake tu. Siji, shemeji."

Polikarpo alimtazama kama mtu anayesoma bei iliyopanda. "Sawa," akasema. "Nimekusikia." Akapanda gari.

Maneno yakasambaa kwa ukoo kwamba mjane wa Cyprian ameota pembe, kwamba ameitwa na shemeji yake mkubwa akamjibu akiwa na kikaango mkononi. Filomena aliyasikia, hakuyajali. Miezi iliyofuata alipata kazi katika duka moja la intaneti lililofunguliwa katikati ya mji. Mwenye duka alikuwa amemkuta pale siku moja, akiwa mteja naye, akimwelekeza mteja mwenzake namna ya kuagiza ukurasa upya. Alikaa pale asubuhi mpaka alasiri, akiwasahihishia watu koma na nukta. Hakuipenda wala hakuichukia. Ilikuwa kazi, na watu walimwita dada wakati umri wake ulikuwa umeshapita kuitwa dada.

Mwishoni mwa mwaka tisini na tisa Felicitas alikuja na habari ya mchumba. Alikuwa kijana mpole aitwaye Albano, tabibu msaidizi aliyekutana naye Mtwara, mwenye wazazi Kibamba. Barua ya posa ikaletwa, siku ya kuja wazee wa Albano ikapangwa. Kwa upande wa Cyprian ilibidi akae baba mkubwa, apokee wageni na kujibu kwa jina la ukoo. Filomena akatuma ujumbe Chang'ombe, akatuma tena. Jibu la Polikarpo lilikuja kupitia kwa mtu: ana safari. Ndugu wengine wote nao, mmoja mmoja, wakapata safari au ugonjwa.

Siku ilipofika, Mwinshehe, mumewe Mwanakombo, ndiye aliyevaa kanzu yake safi na kofia, akakaa kwenye kiti cha baba wa Kikristo wa Masasi ambaye hakuwa ndugu yake. Wageni waliingia, wakasalimia, wakaangaliana. Mama yake Albano akainamia sikio la mumewe na kuuliza kitu.

Felicitas alikuwa jikoni na mama yake, amevaa gauni jipya. Alikuwa amesimama nyuma ya pazia akichungulia sebuleni. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Wanajiuliza baba alikuwa mtu wa namna gani hata nduguze wasije."

"Waache wajiulize."

"Ungeenda tu, mama." Sauti yake ilikuwa ya chini, haikuwa na ukali, na hilo ndilo lililouma. "Baba mkubwa alikuja mwenyewe na gari. Ni kubonyeza vitu tu. Ungebonyeza, leo angekuwa amekaa pale."

Filomena alikuwa anapakua. Angeweza kumweleza. Lakini angeanzia wapi, kwenye godoro, au kwenye mwanamke aliyemwongezea mumewe samaki, au kwenye Jumamosi ya Chang'ombe? Felicitas hakuwapo hata siku moja kati ya zile Jumapili. Na kitu ambacho angemwonyesha, hata kama angetaka kumwonyesha, alikuwa amekifuta kwa mkono wake mwenyewe.

"Chukua sinia hiyo," alisema. "Watu wana njaa."

Felicitas akaichukua, akatoka. Filomena akabaki na masufuria. Kupitia kwenye pazia alimsikia Mwinshehe akijibu maswali ya wageni kwa heshima zote, akiueleza ukoo wa Cyprian kadiri alivyofundishwa jana yake: babu alikuwa nani, wametokea wapi, wamezikwa wapi. Kijiji cha Cyprian kilikuwa Chikundi. Mwinshehe alisema Chikunja, akarudia tena Chikunja, na wazee wa Kibamba wakaitikia, kwa kuwa mle sebuleni hapakuwa na mzee hata mmoja wa ukoo ambaye angeweza kumsahihisha.